Jinsi ya Kulinganisha Matokeo ya Skuli: Mwongozo kwa Wazazi Wakatoliki wa Pemba

Kila mwaka, matokeo ya mitihani ya taifa yanapotangazwa, wazazi hunijia na swali moja: "Padre, skuli ipi ni nzuri?" Mwaka mmoja mama wa parokiani alinisubiri baada ya Misa akiwa na kipeperushi cha shule ya bweni ya Tanzania Bara. Kiliandikwa kwa herufi kubwa kwamba watahiniwa wote wa Kidato cha Nne wa shule hiyo wamefaulu, asilimia mia moja. Mama huyo alikuwa amekwisha kujaza fomu ya mkopo kazini kwake ili kumpeleka mwanawe huko. Tulifungua matokeo ya shule hiyo kwenye simu, tukayasoma pamoja mstari kwa mstari. Wengi wa hao waliofaulu walikuwa na daraja la nne. Kipeperushi hakikusema uongo; kilisema ukweli ambao mama huyo hakuwahi kufundishwa kuusoma.

Makala hii inalenga kuziba pengo hilo. Haitaji skuli iliyo bora kuliko nyingine, bali inaeleza namna mzazi wa Chake Chake, Wete, Micheweni au Mkoani anavyoweza kupima mwenyewe, kwa haki na kwa utulivu, kabla ya kufanya uamuzi utakaogharimu fedha na miaka ya utoto wa mwanawe.

Wajibu wa mzazi katika mafundisho ya Kanisa

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo (Gravissimum Educationis) la tarehe 28 Oktoba 1965, unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu wa watoto wao, na kwamba wanastahili kuwa na uhuru wa kweli katika kuwachagulia skuli. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 unarudia jambo hilo katika kanuni ya 797. Kanuni ya 796 inawataka wazazi washirikiane kwa karibu na walimu, na walimu wawasikilize wazazi kwa moyo radhi. Kanuni ya 806 inawadai viongozi wa shule za Kikatoliki wahakikishe kwamba elimu inayotolewa humo, kwa upande wa taaluma, haipungui ile ya shule nyingine za eneo hilo.

Kwa maneno mengine, Kanisa halimwambii mzazi apuuze taaluma kwa sababu skuli ina msalaba mlangoni. Wala halimwambii aabudu takwimu. Linamtaka achague, na hawezi kuchagua vema asiyejua anacholinganisha.

Skuli zilizopo na mitihani inayozipima

Watoto wengi wa Pemba husoma katika skuli za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Hali hii ina historia yake. Mwezi Julai 1964 skuli zote za Zanzibar, zikiwemo za misheni, zilitwaliwa na Serikali, na tarehe 23 Septemba mwaka huo Rais Abeid Amani Karume akatangaza elimu bila malipo. Tangu miaka ya 1990 skuli binafsi zimeruhusiwa tena, nazo zipo za watu binafsi na za taasisi za dini. Kwa hiyo mzazi wa leo ana njia tatu mbele yake: skuli ya Serikali iliyo karibu na nyumbani, skuli binafsi iliyopo Pemba au Unguja, na shule ya bweni ng'ambo ya pili ya bahari.

Kabla ya kulinganisha njia hizo ni lazima kujua nani anatunga mitihani. Mitihani ya Kidato cha Nne na Kidato cha Sita hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), na mtoto wa Micheweni hufanya mtihani uleule afanyao mtoto wa Moshi. Lakini mitihani ya taifa ya ngazi ya msingi na ya Kidato cha Pili kwa skuli za Zanzibar husimamiwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar, ilhali Bara ina mitihani yake. Hivyo alama za Kidato cha Pili za skuli ya Wete haziwezi kuwekwa sambamba na za shule ya Tanga, kwa kuwa hiyo ni mitihani miwili tofauti. Kipimo cha kwanza cha taifa ambacho pande zote mbili zinakitumia kwa pamoja ni Kidato cha Nne.

Maana ya madaraja

Katika Kidato cha Nne kila somo hupewa alama kuanzia A hadi F. A huhesabiwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4 na F pointi 5. Masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi hujumlishwa, na jumla hiyo ndiyo inayotoa daraja:

- Daraja la kwanza: pointi 7 hadi 17
- Daraja la pili: pointi 18 hadi 21
- Daraja la tatu: pointi 22 hadi 25
- Daraja la nne: pointi 26 hadi 33
- Sifuri: pointi 34 na 35

Tufanye hesabu ya daraja la nne. Mtoto aliyepata D mbili na F tano ana pointi 8 na 25, jumla 33. Huyo amefaulu. Katika takwimu yumo pamoja na mwenzake aliyepata A saba, na wote wawili wanahesabiwa katika "ufaulu". Lakini ili kuingia Kidato cha Tano kwa kawaida mwanafunzi huhitaji alama ya C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu yasiyo ya dini. Mlango uliofunguka kwa mmoja umefungwa kwa mwingine.

Tazama matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2022 kwa nchi nzima. Watahiniwa 456,975 walifaulu, sawa na asilimia 87.79. Waliopata daraja la kwanza, la pili na la tatu walikuwa 192,348, yaani asilimia 36.95. Ondoa hesabu ya pili katika ya kwanza: zaidi ya nusu ya watahiniwa wote wa taifa walikuwa na daraja la nne. Basi skuli inapotangaza ufaulu wa asilimia 90, inatuambia tu kwamba imekaribiana na wastani wa nchi. Swali la kuuliza ni hili: wangapi wana daraja la kwanza hadi la tatu? Hicho ndicho huitwa ubora wa ufaulu.

Matokeo ya kila skuli huwekwa wazi kwenye tovuti ya NECTA, na mtu mwenye simu ya intaneti anaweza kuyasoma bila kumwomba mtu ruhusa. Hapo utaona jedwali la madaraja kwa wasichana na wavulana, jedwali la kila somo, na wastani wa skuli uitwao GPA. Wastani huo husomwa kinyume na mazoea yetu: kadiri tarakimu ilivyo ndogo, ndivyo skuli ilivyofanya vizuri, kwa kuwa A ni 1 na F ni 5.

Maswali manne ya mlinganisho wa haki

1. Wangapi walianza, na wangapi walifika?

Asilimia huhesabiwa kutokana na waliokaa kwenye chumba cha mtihani. Hawamo walioacha, waliohamishwa, wala walioambiwa watafute skuli nyingine kwa sababu hawakufikia wastani. Chukua mfano huu wa kubuni. Skuli ya kwanza iliwapokea watoto 60 wa Kidato cha Kwanza; waliofanya mtihani wa Kidato cha Nne ni 32, na 30 kati yao wakapata daraja la kwanza hadi la tatu. Hiyo ni asilimia 94. Skuli ya pili iliwapokea watoto 110. Waliofanya mtihani ni 96, na 40 wakapata madaraja hayo. Hiyo ni asilimia 42. Kwa macho ya haraka, skuli ya kwanza imeishinda ya pili mara mbili na zaidi.

Sasa gawanya kwa walioanza. Skuli ya kwanza imewafikisha 30 kati ya 60, asilimia 50. Skuli ya pili imewafikisha 40 kati ya 110, asilimia 36. Ya kwanza bado iko mbele, ila pengo limepungua kutoka asilimia 52 hadi asilimia 14, na limezaliwa swali jipya: wale 28 wamekwenda wapi? Huenda baadhi wamehama kwa sababu njema, kwa mfano wazazi wao walipata uhamisho wa kazi. Lakini mzazi ana haki ya kuuliza, kwa sababu mwanawe anaweza kuwa mmoja wa 28 na si mmoja wa 30.

2. Waliingiaje?

Skuli inayopokea watoto kwa mtihani wa kuingilia imeanza mbio ikiwa mbele. Vilevile, katika skuli za Serikali za Zanzibar wapo wanafunzi wanaochaguliwa kwa ufaulu wao kwenda madarasa ya vipawa na ya michepuo. Skuli inayowapokea hao, na hasa yenye dahalia, haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na skuli ya kijijini inayowapokea watoto wote wa shehia yake. Ukiona skuli ya kijiji inawapeleka watoto kumi Kidato cha Tano kila mwaka, pengine walimu wake wamefanya kazi kubwa kuliko wale ambao picha zao zimebandikwa njiani.

3. Skuli imewaongezea nini?

Hili ndilo swali lenye thamani kuliko yote. Kwa skuli za Pemba na Unguja unaweza kulijibu kwa kiasi fulani: tafuta matokeo ya Kidato cha Pili ya kundi moja, kisha matokeo ya Kidato cha Nne ya kundi hilohilo miaka miwili baadaye. Je, skuli iliyokuwa katikati miongoni mwa jirani zake imepanda, imebaki palepale au imeshuka? Skuli inayowapokea watoto wa kawaida na kuwapandisha inastahili kuaminiwa kuliko ile inayowapokea hodari na kuwarudisha vilevile.

Wenzetu wa Marekani wamejifunza jambo hili kwa gharama. Mwaka 1991 jimbo la Minnesota lilipitisha sheria ya kwanza ya kuanzisha shule za mkataba, yaani shule zinazolipiwa na umma lakini zinazojiendesha zenyewe. Wazazi wengi waliamini kwamba shule hizo ni bora kwa sababu tu ni za namna mpya. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima maendeleo ya wanafunzi wa shule hizo katika majimbo kadhaa, kila mmoja akilinganishwa na wanafunzi wa shule za kawaida waliofanana naye. Katika hisabati, asilimia 17 ya shule za mkataba zilifanya vizuri zaidi, asilimia 46 hazikuwa na tofauti, na asilimia 37 zilifanya vibaya zaidi. Utafiti wao wa miaka ya baadaye ulionyesha hali nzuri zaidi kwa shule hizo. Funzo kwetu si kwamba shule hizo ni mbaya au nzuri. Funzo ni kwamba aina ya shule haitoshi kuhukumu. Ndani ya aina moja kuna zilizo hodari na zilizo dhaifu. Ndivyo ilivyo kwa "binafsi" na "Serikali" hapa kwetu.

4. Ni mwaka mmoja au mitatu?

Skuli yenye watahiniwa 12 inapopoteza mtoto mmoja, asilimia yake hushuka kwa zaidi ya 8. Mwalimu mmoja wa hisabati akihama, matokeo ya somo hilo huanguka. Hata kipimo chenyewe kimewahi kubadilika: matokeo ya mwaka 2012, ambayo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, yalifutwa na kupangwa upya mwaka 2013, na matokeo ya mwaka 2014 yalitolewa kwa mfumo mwingine wa wastani kabla ya madaraja kurudishwa. Kwa hiyo soma miaka mitatu mfululizo ya karibuni. Usiongozwe na mwaka mmoja wa neema wala mwaka mmoja wa msiba.

Kwa nini orodha ya kumi bora imeondolewa

Wazazi wengi bado wanaulizia "kumi bora". Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya mwaka 2022, NECTA ilieleza kwamba imeacha kutangaza shule na wanafunzi bora. Sababu zilizotolewa ni kwamba wanafunzi husoma katika mazingira yasiyofanana, na kwamba orodha hizo zilikuwa zimegeuka kuwa tangazo la biashara kwa baadhi ya shule. Uamuzi huo haukuondoa takwimu. Umetuachia sisi kazi ya kuzisoma. Wanaoendelea kusambaza orodha za kumi bora kwenye simu zetu hawasemi daima walivyozipanga.

Mambo yasiyoandikwa kwenye jedwali

Ukishamaliza hesabu, tembelea skuli. Jedwali la masomo litakuonyesha kama kuna anayefaulu fizikia. Ziara itakuonyesha kama kuna mwalimu wa fizikia. Uliza yafuatayo:

- Darasa moja lina wanafunzi wangapi, na skuli ina mkondo mmoja au miwili kwa siku?
- Mtoto anasaidiwaje katika Kiingereza? Katika sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006, hisabati na sayansi hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na sekondari masomo mengi yako katika lugha hiyo. Wengi hushindwa swali kwa kutolielewa, ilhali jibu wanalijua.
- Mahudhurio yanakuwaje katika msimu wa karafuu, na katika vijiji vya wavuvi wakati watu wanapokwenda dago? Skuli inayofuatilia mtoto asipoonekana inamjali.
- Wasichana wanabaki hadi Kidato cha Nne kwa idadi ileile walioanza nayo?
- Mikutano ya wazazi hufanyika, na wazazi husikilizwa?

Kwa mzazi anayefikiria bweni la Bara, ongeza hesabu nyingine: nauli ya boti, likizo ambazo mtoto hatarudi, ugonjwa utakaousikia kwa simu, na nani atakayemtazama. Najua familia ambazo bweni limezisaidia sana. Najua pia mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyerejea nyumbani akiwa na daraja lilelile ambalo wenzake wa skuli ya jirani walilipata wakilala kwao. Mama wa kipeperushi aliamua kusubiri. Alitembelea skuli mbili za hapa kisiwani, akalinganisha miaka mitatu, akambakiza mwanawe nyumbani. Fedha ya mkopo hakuichukua. Sehemu ndogo ya mshahara wake inalipia masomo ya ziada ya hisabati. Sisemi kila mzazi afanye hivyo. Nasema aliamua akiwa anajua.

Imani ya mtoto katika skuli isiyo ya Kikatoliki

Wakatoliki wa Pemba ni wachache, na watoto wetu wengi wanasoma bega kwa bega na wenzao Waislamu, wakifundishwa na walimu Waislamu ambao wengi wao ni walezi wema. Hili si jambo la kuogopa. Lakini kanuni ya 798 inasema wazi: mzazi asiyeweza kumpeleka mtoto shule ya Kikatoliki anawajibika kuhakikisha anapata malezi yake ya Kikatoliki nje ya shule. Kwa hiyo, unapopima gharama za skuli, pima pia muda wa mafundisho ya katekisimu, Misa ya Jumapili na sala ya jioni nyumbani. Skuli yenye masomo ya ziada kila Jumapili asubuhi ina bei ambayo haikuandikwa kwenye fomu.

Pendekezo kwa jumuiya zetu

Kusoma matokeo ni kazi nyepesi ikifanywa na wengi. Napendekeza kwamba matokeo yajayo yatakapotoka, kila jumuiya ndogondogo ya Kikristo itenge mkutano mmoja kwa ajili yake. Mwenye simu afungue matokeo, mwalimu aliye miongoni mwetu aeleze, na wazazi waandike kwenye karatasi safu tano kwa kila skuli wanayoifikiria: walioanza, waliofanya mtihani, daraja la kwanza hadi la tatu, daraja la nne, na sifuri, kwa miaka mitatu. Asiyejua kusoma asaidiwe na anayejua, bila kuaibishwa. Safu ya kwanza haimo kwenye tovuti. Itabidi mzazi aende kuiuliza skulini, na jinsi atakavyojibiwa nako kutamfundisha kitu.

Tumwombe Mtakatifu Yosefu, aliyemlea Yesu katika kijiji kidogo cha Nazareti, awaombee wazazi wote wa kisiwa hiki.